Faji watatu na binti wa miaka 15: uchambuzi wa kisa cha Great Ormond Street

Septemba 2017, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London, binti wa miaka 15 alipandikizwa mapafu yote mawili. Alizaliwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mapafu uwe mzito na wa kunata, na bakteria wakishaingia kwenye ute huo hawatoki. Aliyehamia kwake, tangu akiwa mtoto mdogo wa shule, ni Mycobacterium abscessus. Huyu ni wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu, lakini kwa ubishi wa dawa amempita ndugu yake. Ukuta wake umejaa nta, kwa hiyo dawa nyingi hazipenyi. Zinazofanikiwa kupenya huzisukuma nje au huziharibu kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Miaka minane ya antibayotiki ilimdhibiti tu, haikumwondoa.

Mapafu mapya yalishika. Bakteria naye alibaki. Antibayotiki zilianza kumdhuru binti mwenyewe, ikabidi zisitishwe kwa muda, na huku anameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiyakatae mapafu ya mtu mwingine. Hapo bakteria akapata mwanya. Kidonda cha upasuaji kifuani kikawa chekundu na kugoma kufunga. Picha za ini zikaonyesha kwamba maambukizi yamefika huko. Kisha vinundu vikachomoza kwenye ngozi, kimoja baada ya kingine, vingine vikipasuka na kuacha vidonda. Madaktari wa upandikizaji wanaujua mwisho wa mgonjwa ambaye abscessus imemsambaa namna hiyo. Binti akarudishwa nyumbani akiwa kwenye tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu tu.

Mama yake alikuwa amesoma habari za virusi vinavyoua bakteria, akawauliza madaktari kama jambo hilo linawezekana kwa mwanawe. Wangeweza kumpoza kwa maneno mazuri wakaendelea na kazi zao. Hawakufanya hivyo. Oktoba 2017 mwanamikrobiolojia wa hospitali, James Soothill, alimwandikia Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kisha hospitali ikamtumia sampuli mbili za bakteria. Moja ilitoka kwa binti huyu. Ya pili ilitoka kwa kijana mwingine wa hospitali hiyohiyo, mwenye ugonjwa uleule na bakteria wa jina lilelile. Naomba msomaji amkumbuke huyu wa pili, maana uchambuzi wote umelalia kwake.

Kisa hiki kilipotangazwa Mei 2019 katika jarida la Nature Medicine, magazeti yalikipamba kwa sentensi moja: virusi vilivyobadilishwa jeni vimemwokoa mtoto. Si uongo. Ila anayekisoma hivyo tu atadhani kilichotokea ni ufundi wa mkasi wa jeni. Mkasi ulikuwepo, na ulitumika kwa ustadi mkubwa. Lakini mkasi usingekuwa na cha kukata kama kusingekuwa na ghala la virusi hivyo, na ghala lile lilijengwa na watu ambao hawakuwa na mgonjwa yeyote akilini.

Faji ni nani

Faji, au bakteriofaji kwa jina kamili, ni kirusi ambacho mawindo yake ni bakteria peke yake. Hana habari na seli za binadamu. Hutua juu ya bakteria, huingiza jeni zake ndani, hukigeuza kiwiliwili cha mwenyeji kuwa karakana ya kuzalisha faji wengine, kisha hukipasua, wanaotoka wakaenda kutafuta mawindo mapya. Félix d'Herelle aliwaeleza na kuwapa jina mwaka 1917, na tangu 1923 Tbilisi, Georgia, ina taasisi inayoshughulika nao hadi leo. Nchi za Magharibi ziliwaacha baada ya penisilini kuenea, na mtu huwezi kuzilaumu sana: penisilini ilikuwa dawa moja kwa maradhi mengi, wakati faji ni mchaguzi mno. Anayeua bakteria wa mgonjwa huyu anaweza asimguse kabisa bakteria wa jirani yake wa kitanda, hata kama maabara imewaandikia jina moja.

Leo hali imegeuka. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokwisha kuwa sugu kwa dawa, na kiwango kikubwa kuliko chote kilikuwa Afrika ya Magharibi kusini mwa Sahara. Uchaguzi ule uliowafanya faji waonekane wasumbufu sasa unatazamwa upya.

Ghala

Kwa miaka mingi maabara ya Hatfull imekuwa kitovu cha mpango wa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza sayansi kwa kuwatuma nje wakachote udongo. Kila mwanafunzi huleta kijichupa chake, hutafuta faji ndani yake, humpa jina analolipenda mwenyewe, kisha humhifadhi kwenye jokofu la baridi kali; baadhi yao husomwa vinasaba vyao. Vyuo zaidi ya 100 vimeshiriki. Kufikia wakati sampuli za London zinawasili, jokofu zile zilikuwa na faji zaidi ya 10,000. Wote walikuwa wamekamatwa kwa kutumia chambo kimoja, Mycobacterium smegmatis, ndugu mpole wa abscessus, anayekua haraka na asiye na madhara.

Kazi yenyewe ni ya mikono, na inafaa kuonwa kwa karibu. Unachukua agari laini iliyo vuguvugu, yaani rojo la kuoteshea bakteria, unaichanganya na bakteria, unaimimina juu ya sahani na kuitandaza iwe sawa. Ukiiacha ikae joto la kutosha, bakteria hukua wakaifunika sahani yote kwa utando mweupe, kama ukungu kwenye kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Lakini ukidondoshea tone lenye faji anayewaweza bakteria wale, kesho yake unakuta kitundu angavu pale tone lilipoangukia. Utando umeliwa. Ukiinua sahani kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kuna mara nyingine kitundu hakiwi angavu. Kinakuwa na kiini cha ukungu katikati, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kiini hicho cha ukungu ndicho kitakachotuleta kwenye uhandisi wa jeni, tutakifikia sasa hivi.

Rebekah Dedrick wa maabara ya Hatfull na wenzake waliwapanga faji mbele ya bakteria wa binti, sahani baada ya sahani. Wengi hawakuacha alama yoyote. Siku zikapita, miezi ikapita, na London mgonjwa anazidi kudhoofu. Mwishowe wakapatikana watatu wa kutumainiwa.

Wa kwanza anaitwa Muddy. Huyu alikamatwa mwaka 2010 mjini Durban, Afrika Kusini, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal aliyechukua sampuli yake upande wa chini wa bilinganya lililokuwa linaoza. Aliacha kitundu angavu, akaua bakteria wa binti bila kuhitaji kuguswa. Wa pili, ZoeJ, alitoka Rhode Island. Wa tatu, BPs, alitoka Pittsburgh penyewe. Hawa wawili walikuwa na kasoro ileile: waliweza kuingia, lakini hawakuua inavyotakiwa.

Jeni moja

Si kila faji ni muuaji. Wako wanaoingia ndani ya bakteria, wakajishona kwenye vinasaba vyake, wakatulia humo. Bakteria anapojigawa, faji naye anarithiwa na watoto na wajukuu, kama mpangaji asiyeonekana. Kinachomtuliza ni protini moja inayoziba jeni zake za kuua, tuiite kizuizi. Na bakteria mwenye mpangaji wa aina hiyo ndani yake huwa amepata kinga, kwa kuwa kizuizi kilekile humziba na faji mwingine wa jamii hiyo anayejaribu kuingia. Hao waliosalimika ndio hukua tena katikati ya kitundu na kuleta ule ukungu. Ukimpa mgonjwa faji wa namna hii, unaweza kuwa unamgawia adui ngao.

Dawa yake inaeleweka: ondoa jeni ya kizuizi. Faji akikosa kizuizi hana uwezo wa kutulia, kilichobaki kwake ni kuua. Kwa ZoeJ, jeni hiyo ni ya 45. Kwa BPs, ni ya 33.

Njia waliyoitumia ilibuniwa katika maabara hiyohiyo takriban muongo mmoja kabla ya hapo, na inaitwa BRED. Huchukuliwa bakteria wa smegmatis aliyepewa protini za kuunganisha vipande vya DNA. Hutiwa mshtuko mfupi wa umeme unaofungua vinyweleo kwenye ukuta wake, na kupitia humo huingia vitu viwili kwa pamoja: DNA nzima ya faji, na kipande kifupi kilichotengenezwa maabara ambacho kinafanana na faji kushoto na kulia kwa jeni ile, lakini katikati jeni yenyewe haimo. Ndani ya bakteria vipande hivyo viwili hukutana na kubadilishana, na baadhi ya faji wanaozaliwa hutoka bila kizuizi. Kisha ni kazi ya kupima kitundu kimoja kimoja hadi umpate unayemtaka. Hakuna jeni ya kiumbe mwingine iliyopachikwa. Kwa BPs, aliye na herufi za DNA takriban 42,000, kilichoondolewa ni sehemu ndogo sana.

Hata hivyo BPs alihitaji kitu cha ziada, na hicho hakikutoka kwenye mkasi. Watafiti walimlisha kwa wingi, wakasubiri badiliko la bahati, wakamchagua yule aliyejitokeza akiwa na uwezo wa kumshambulia bakteria wa binti barabara. Kwa hiyo katika faji watatu waliofungwa kwenye kichupa cha dawa, mmoja ni kama alivyookotwa, mmoja amekatwa jeni, na mmoja amekatwa jeni na pia amechaguliwa kwa njia ambayo mfugaji huchagua dume la mbegu. Mwenye kupenda ubishi wa majina atasema hii si biolojia sintetiki kamili, kwa kuwa hakuna aliyeandika kirusi kizima kutoka herufi ya kwanza. Mimi naona ni biolojia sintetiki kwa maana iliyo na faida zaidi: kusoma maandishi ya kiumbe, kujua neno lipi linazuia kazi, na kulifuta hilo tu.

Kwa nini watatu? Kwa sababu bakteria hawalali. Ukimpelekea faji mmoja, katika mamilioni ya bakteria wapo wachache waliobadilika kiasi kwamba faji huyo hawezi kuwashika. Ukipeleka watatu wanaoingia kwa milango tofauti, bakteria mmoja atahitaji kubadilika mara tatu kwa wakati mmoja ili apone. Ni hesabu ileile inayotufanya tumtibu mgonjwa wa kifua kikuu kwa dawa nne badala ya moja.

Juni 2018

Faji walikuzwa, wakasafishwa kwa makini, wakasafirishwa London. Timu ya Helen Spencer, daktari wa upandikizaji wa mapafu, haikuanza kwa pupa. Kwanza waliwapaka kwenye kidonda cha kifuani, wakaangalia kama kuna athari. Hakukuwa na tatizo. Siku iliyofuata wakaanza kumpa kwa mshipa: kila dozi ina faji bilioni moja wa kila aina, mara mbili kwa siku. Siku mbili za mwanzo alitokwa jasho na kuona uso unapata joto, lakini homa haikupanda.

Siku ya tisa aliruhusiwa kwenda nyumbani, na dozi zikaendelea hukohuko. Baada ya wiki sita, picha za ini zilionyesha kwamba maambukizi ya pale yamekwisha. Kidonda cha kifua kikaanza kufunga polepole, kutoka pembeni kuelekea ndani. Vinundu vya ngozi vikasinyaa, vingi vikapotea kabisa, ingawa vichache viligoma. Uzito ukarudi, mapafu yakafanya kazi vizuri zaidi. Walipochunguza bakteria waliobaki hawakukuta waliojifunza kuwakwepa faji wale. Hakuponywa kwa maana ya kwamba bakteria ametoweka, na waandishi wa ripoti hawakusema hivyo. Walisema hali yake imekuwa njema, na kwamba dawa imevumilika.

Na yule kijana wa pili? Kwa bakteria wake hakupatikana faji wa kufaa kwa wakati. Alifariki Januari 2018, miezi mitano kabla ya binti kupata dozi ya kwanza. Hospitali moja, barua pepe moja, jokofu lilelile la faji 10,000, mkasi uleule wa jeni. Tofauti ni kwamba kwa bakteria wa mmoja kulikuwa na mahali pa kuanzia, kwa wa mwingine hakukuwa. Kila ninapokisoma kisa hiki nasimama hapo. Uhandisi unaweza kumnoa faji ambaye tayari anajua njia ya kuingia. Pale ambapo hakuna anayeingia, mhandisi hana pa kushika.

Tunaruhusiwa kuamini nini

Huyu ni mgonjwa mmoja. Hakukuwa na mwenzake aliyepewa maji matupu ili walinganishwe, na antibayotiki nazo ziliendelea kutolewa. Hatfull na wenzake walilieleza hilo bila kuficha: kwa ushahidi huu peke yake huwezi kuapa kwamba ni faji waliofanya kazi. Lakini mpangilio wa matukio una uzito. Antibayotiki zilikwisha kushindwa kwa miaka, na mabadiliko yalianza pale faji walipoingia.

Jambo lililochukua muda kueleweka ni kinga ya mwili. Mwaka 2021 iliripotiwa habari ya mzee wa miaka 81, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu na abscessus, aliyepewa faji walewale watatu. Mwezi wa kwanza bakteria kwenye makohozi yake walipungua takriban mara kumi. Mwezi wa pili wakarudi. Bakteria hawakuwa wamejenga usugu. Mwili wa mzee wenyewe, wenye kinga timamu, ulikuwa umetengeneza kingamwili zilizowakamata faji kabla hawajafika kwenye kazi. Sasa rudi kwa binti. Alikuwa anameza dawa za kushusha kinga kwa ajili ya mapafu yake. Kinga dhaifu iliyompa bakteria nafasi ya kusambaa ndiyo, kwa kila dalili, iliyowapa faji nafasi ya kuzunguka mwilini kwa miezi bila kukamatwa. Laiti mgonjwa wa kwanza angekuwa yule mzee, nadhani dunia ingesoma habari ya jaribio lililoshindwa na wengi wangefunga faili.

Baadaye kundi hilo liliripoti wagonjwa 20 waliopewa faji kwa huruma, yaani nje ya majaribio rasmi, baada ya njia nyingine kuisha. Kati yao 11 walionyesha mafanikio ya kiasi fulani, na hakuna aliyepata madhara makubwa kutokana na faji. Kingamwili dhidi ya faji zilionekana kwa wagonjwa 8. Aidha imejulikana kwamba abscessus ana sura mbili kwenye sahani, mwenye uso wa kukwaruza na mwenye uso laini, na faji wa ghala lile huwamudu wa kwanza tu. Bakteria wa binti alikuwa wa kukwaruza. Hiyo nayo ni bahati.

Kwetu abscessus si jina la kila siku. Anayetujua na tunayemjua ni ndugu yake wa kifua kikuu. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti kutoka Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, ya wagonjwa 53 wa kifua kikuu kilichokuwa sugu kwa karibu kila dawa; 52 kati yao walifariki, nusu yao ndani ya takriban wiki mbili tangu makohozi yao yachukuliwe. Ni katika jimbo hilohilo, miaka minne baadaye, mwanafunzi alipoinama kwenye lundo la mboga zilizooza. Mwaka 2021 maabara ya Pittsburgh iliripoti mchanganyiko wa faji watano uliojaribiwa kwenye chupa za maabara dhidi ya bakteria wa kifua kikuu kutoka koo mbalimbali, na faji hao waliwaua, wakiwemo bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Wakati huo hawakuwa wamepewa mgonjwa yeyote. Jijini Nairobi, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, wamekuwa wakikusanya faji wa salmonela kutoka mabanda ya kuku, nao wana jokofu lao.

Katika orodha ya wale watano wa kifua kikuu kuna uzao wa Muddy.